Kuchagua Seti ya Kwanza ya Vichokoo vya Kufuli: Maelezo kwa Walimu wa Ufundi

Utangulizi

Kila mwalimu aliyewahi kukaa katika shule au chuo cha bweni anajua jinsi ufunguo mmoja uliopotea unavyoweza kusimamisha kazi ya siku nzima. Stoo ya vitabu haifunguki. Mwenye ufunguo amesafiri. Mtihani wa majaribio u karibu. Mwishowe huitwa mtu mwenye msumeno wa chuma, kufuli likakatwa, ama mtu mwenye mtaimbo, mlango ukang'olewa pamoja na fremu yake. Katika chuo chetu jambo hili lilitokea mara mbili katika muhula mmoja. Mara ya tatu aliitwa fundi wa vitasa. Alitoa mfukoni vipande viwili vyembamba vya chuma, akainama mbele ya kufuli, na kabla wanachuo waliomzunguka hawajamaliza kunong'onezana, kufuli lilikuwa wazi, tena bila mkwaruzo.

Siku iliyofuata tuliulizwa darasani: "Mwalimu, kwani ndani ya kufuli mna nini?" Kwa mwalimu wa ufundi hakuna swali bora kuliko hilo. Ndani ya kufuli mna wenzo, springi, msuguano, upimaji wa sehemu ndogo za milimita, na historia ya miaka elfu kadhaa ya akili ya binadamu. Tuliamua kulifanya somo, na kwa ajili ya somo hilo tukaomba fedha za kununua seti ya vifaa vya kufungulia kufuli bila ufunguo.

Makala haya yanakusudia kuwaeleza walimu wenzetu namna ya kuchagua seti ya kwanza ya aina hiyo. Tumeonelea vyema kuyaandika kwa sababu seti tuliyoanza nayo sisi haikufaa, na upungufu wake ulitokana zaidi na wingi wa vipande kuliko na ubora wa chuma. Hoja yetu kwa kifupi ni hii: seti ya anayeanza yapasa kuwa ndogo kiasi kwamba mwanafunzi aweza kueleza kazi ya kila kipande, na mwalimu aweza kuihesabu kwa kutupa jicho mara moja. Fedha inayobaki itumike kununua makufuli ya kujifunzia.

Yafaa kwanza tukubaliane juu ya majina. Kifaa chembamba kinachoingizwa katika tundu la ufunguo ili kuinua sehemu za ndani tutakiita kichokoo, kutokana na kitenzi chokoa. Kifaa cha pili, ambacho hutia nguvu ya kuzungusha, tutakiita wenzo, kwani ndivyo kilivyo hasa katika fizikia. Vifaa hivi visichanganywe na zile funguo ambazo mitaani huitwa malaya. Hizo ni funguo kamili zilizochongwa ili zipate kuingia katika vitasa vingi vya aina moja.

1. Kufuli linavyofanya kazi

Mtu hawezi kuchagua kifaa asichojua kazi yake. Kwa hiyo hatuna budi kulifungua kufuli kwa maneno kabla ya kulifungua kwa chuma.

Makufuli mengi ya shaba na silinda nyingi za milango ni za aina ya pini. Asili ya aina hii ni ya kale sana. Wamisri wa zamani walitumia komeo la mbao ambalo ndani yake vijiti viliangukia kwa uzito wake katika matundu ya komeo na kulizuia lisivutike. Ufunguo, nao wa mbao, uliviinua vijiti hivyo vyote kwa pamoja. Katika karne ya 19 Linus Yale mdogo wa Marekani, akiendeleza kazi ya baba yake, aliligeuza wazo hilo kuwa silinda ndogo ya chuma yenye ufunguo bapa, na akapata hataza zake mwaka 1861 na 1865. Badala ya kutegemea uzito, pini za silinda husukumwa na springi, hivyo hufanya kazi katika mkao wowote.

Ndani ya silinda mna kiini, yaani sehemu ya mviringo inayozunguka pamoja na ufunguo. Kiini kimekaa ndani ya kasha lisilozunguka. Matundu madogo, kwa kawaida manne hadi sita, yametobolewa kutoka kwenye kasha hadi ndani ya kiini. Katika kila tundu mna pini mbili, ya juu na ya chini, na springi inayozisukuma. Pini za chini hutofautiana urefu. Kufuli likiwa limefungwa, pini za juu hukaa nusu ndani ya kasha na nusu ndani ya kiini, mfano wa mtu aliyesimama kizingitini mwa mlango, hivyo kiini hakiwezi kuzunguka. Ufunguo wa halali una meno yaliyokatwa kwa vimo vinavyolingana na pini hizo. Ukiingizwa, maungio ya kila jozi ya pini hufika sawasawa kwenye mpaka wa kiini na kasha, na kiini huwa huru kuzunguka.

Je, kichokoo kimoja kinawezaje kufanya kazi ya ufunguo wenye meno matano? Jibu limo katika upungufu wa viwanda. Hakuna mashine itobowayo matundu matano yakawa katika mstari mmoja bila kosa hata dogo. Kwa hiyo wenzo unapokizungusha kiini kidogo sana, pini zote hazibanwi kwa pamoja. Moja hubanwa kwanza. Kichokoo kikiitafuta pini hiyo na kuiinua hadi mpakani, kiini husogea kiasi cha unywele, pini ya juu hukwama juu ya ukingo wa kiini, na pini nyingine hubanwa kwa zamu yake. Mtu hushughulikia pini moja moja hadi zimalizike. Siri yote ya ufundi huu ni hiyo, na kila kinachofuata katika makala haya kinatokana nayo.

2. Vilivyomo ndani ya seti

Katika seti zinazouzwa mna aina chache tu za vifaa, ijapokuwa maumbo yake ni mengi.

(a) Ndoano. Ni kichokoo chenye ncha iliyopinda juu kidogo. Hutumiwa kuinua pini moja kwa wakati. Zipo ndoano fupi na ndoano ndefu.

(b) Nusu-almasi. Ncha yake ni ya pembetatu. Huweza kuinua pini moja, au kupitishwa juu ya pini zote kwa haraka. Hufaa pia kwa makufuli madogo ya makabati na meza ambayo badala ya pini yana vibati vyembamba.

(c) Msumeno. Ncha yake ina mawimbi au meno kadhaa. Huingizwa hadi mwisho kisha huvutwa mbele na nyuma, ili pini kadhaa ziruke na kukwama kwa bahati.

(d) Wenzo. Ni utepe wa chuma uliokunjwa pembeni. Zipo zinazokaa chini ya tundu la ufunguo na zinazokaa juu yake.

Kwa kuwa wenzo hauna umbo la kuvutia, wanunuzi wengi huupuuza. Hilo ni kosa, kwani habari zote za ndani ya kufuli humfikia mtu kwa njia mbili tu: kidole kilicho juu ya kichokoo na kidole kilicho juu ya wenzo. Wenzo mbaya ni sawa na sikio lililozibwa.

3. Kosa letu la kwanza

Seti yetu ya kwanza ilikuwa na vipande zaidi ya ishirini ndani ya mkoba wa kupendeza. Tuliinunua kwa kudhani kwamba vifaa vingi humaanisha elimu nyingi. Siku ya kwanza darasa lilijaa furaha. Wanachuo walichukua misumeno, wakaitikisa ndani ya makufuli ya bei nafuu, na mengi yakafunguka. Tulirudi nyumbani tukiamini kwamba somo limefaulu.

Juma lililofuata tuliwataka waeleze kwa maandishi kwa nini kufuli lilifunguka. Karibu wote waliandika kwamba lilifunguka kwa kutikiswa. Tulipowapa kufuli lililotengenezwa vyema zaidi, walijaribu kipande kimoja, wakakitupa, wakachukua kingine, na kingine, kama mgonjwa anayemeza kila kidonge kilichomo kabatini. Hakuna aliyejiuliza kama wenzo wake ulikuwa umekazwa mno. Kila aliposhindwa, lawama ilikwenda kwa kifaa, na dawa ilikuwa kuchukua kifaa kingine.

Hapo tulitambua jambo ambalo walimu wa masomo yote watalielewa. Zana nyingi humpa mwanafunzi njia nyingi za kukwepa kufikiri. Mwenye ndoano moja tu akishindwa, hana budi kuuchunguza mkono wake mwenyewe. Mwaka uliofuata tuliifungia kabatini seti kubwa, tukamgawia kila mwanachuo vipande vinne tu: ndoano fupi, nusu-almasi, na nyenzo mbili. Somo la kwanza lilikwenda polepole zaidi kuliko lile la mwaka uliotangulia. Lakini juma la pili, tulipouliza swali lile lile, tulisoma majibu yaliyotaja mpaka, pini iliyobanwa, na kosa la kutoboa matundu.

4. Mambo ya kuangalia wakati wa kununua

Idadi. Vipande vinne hadi sita vyatosha kwa mtu mmoja. Ikiwa fedha inaruhusu, ongeza ndoano ya pili iliyo ndefu kidogo na wenzo wa tatu. Msumeno mmoja wapaswa kuwapo, lakini ubaki mkononi mwa mwalimu kwa ajili ya maonyesho, hadi wanafunzi watakapoweza kueleza kwa nini hufungua.

Unene. Vichokoo vingi vina unene wa kati ya milimita 0.4 na 0.6. Chembamba hupita katika matundu ya ufunguo yaliyobana, lakini hupinda upesi katika mkono mzito wa anayeanza. Kwa darasa twapendelea unene wa kati, kama milimita 0.5 hadi 0.6. Kabla ya kununua, angalia matundu ya ufunguo ya makufuli yanayouzwa katika mji wenu; seti isiyoingia katika tundu ni pambo tu.

Chuma. Yahitajika chuma kinachopinda kidogo na kurudi mahali pake, yaani chuma cha springi au chuma kisichoshika kutu kilicho kigumu. Jaribio rahisi ni kukipinda kidogo kwa kidole: kikibaki kimepinda, ni laini mno. Kipitishe pia kidole taratibu kwenye kingo zake. Kingo zenye makovu ya mashine hukwaruza pini, na mkwaruzo huo huuchanganya mkono, kwa sababu anayeanza hawezi kupambanua mkwaruzo wa kifaa na mwendo wa pini. Msasa laini na subira ya nusu saa huweza kurekebisha kasoro hii.

Mpini. Mpini wa chuma kitupu huumiza vidole baada ya saa moja, ingawa hupitisha vyema mtikiso wa ndani. Mpini mnene wa mpira hustarehesha lakini huumeza mtikiso huo. Mpini mwembamba wa plastiki ngumu, au chuma kilichoviringishiwa utepe mwembamba, ndio wa wastani.

Nyenzo. Hakikisha kwamba seti ina nyenzo za upana tofauti, walau mbili. Wenzo mpana mno hauachi nafasi ya kichokoo. Mwembamba mno huchezacheza na kuteleza.

Aina ya vitasa. Milango mingi ya nyumba na shule zetu ina vitasa vya ufunguo mrefu wenye shina la mviringo. Vitasa hivyo havina pini. Vina vibamba vinavyoinuliwa na jino la ufunguo, na seti tunayoizungumzia haikutengenezwa kwa ajili yake. Mwalimu asije akaahidi mbele ya mkuu wa shule kwamba seti hii itafungua kila mlango.

Mwalimu mwenye karakana aweza pia kutengeneza seti mwenyewe, na pengine hilo ndilo somo bora zaidi. Fila za mafundi magari, zile za kupimia nafasi za valvu, zina mabapa ya unene mbalimbali yaliyoandikwa kwa milimita, na hufaa sana kwa vichokoo. Vipande virefu vya chuma vilivyomo ndani ya waipa kuukuu za magari hufaa kwa nyenzo, na mafundi wengi huvitupa. Chora umbo juu ya bapa, libane kwenye jiliwa, kisha chonga kwa tupa. Ukitumia jiwe la umeme, chovya kipande katika maji mara kwa mara, kwani kikipata moto hata kikageuka rangi ya buluu, ugumu wake umepungua na kitapinda. Spoku ya baiskeli ni nene mno, pini za nywele ni laini mno, na kipande cha msumeno wa chuma, ijapokuwa kigumu, huweza kuvunjika na kubaki ndani ya kufuli.

5. Kufuli la kujifunzia

Tumesema kwamba fedha inayobaki itumike kununua makufuli. Twarudia kusema hivyo kwa sababu wanaoanza huchagua vichokoo kwa siku nyingi na kuokota kufuli la kwanza wanaloliona. Kufuli ndilo kitabu. Kichokoo ni kidole kinachofuata mistari tu.

Kufuli hafifu kupita kiasi halifai, kwa kuwa matundu yake yamelegea na hufunguka kwa mtikiso. Kufuli gumu mno pia halifai. Baadhi ya silinda zina pini za juu zilizochongwa kiuno chembamba, ambazo hudanganya: kiini huzunguka kidogo kana kwamba kimefunguka, kisha hukwama. Hizo ziachiwe wale waliokwisha kukomaa. Kwa kuanzia, kufuli la shaba lenye pini nne, la bei ya wastani, latosha.

Lililo bora zaidi ni silinda ya mlango inayoweza kufumuliwa. Fundi wa vitasa ataonyesha namna ya kutoa klipu na kukisukuma nje kiini kwa kijiti cha mbao chenye unene ule ule wa kiini, ili pini za juu na springi zisirukie sakafuni. Kisha silinda moja hurudishiwa jozi moja tu ya pini, ya pili jozi mbili, ya tatu jozi tatu, na kuendelea. Silinda hizi hupangwa mezani kama vitabu vya kusomea: cha kwanza, cha pili, cha tatu. Mwanafunzi hapandi hatua mpya kabla ya kuifungua silinda ya chini yake mara tano mfululizo.

Zipo pia kufuli za plastiki inayopitisha nuru, ambazo pini zake huonekana. Zinafaa sana kwa kueleza, lakini hazifai kwa mazoezi marefu. Mwanafunzi huzoea kutumia macho, ilhali ufundi huu ni wa vidole. Tena mlegeo wake haufanani na ule wa shaba. Tunaitumia moja kwa dakika kumi za mwanzo, kisha tunaifunika kitambaa.

6. Mpangilio wa vipindi

Tumekuwa tukifundisha mada hii kwa vipindi vinne vya dakika themanini.

Kipindi cha kwanza hakina kichokoo hata kimoja. Wanachuo hutengeneza mfano mkubwa wa mbao. Huchukua vipande viwili vya ubao, wakavilaza kimoja juu ya kingine, na kutoboa matundu matano kupitia vyote viwili. Tundu la ubao wa chini halitobolewi lote kwa upana mmoja. Huachiwa mdomo mwembamba wa kupitishia msumari. Kila tundu hutiwa vijiti viwili, kimoja juu ya kingine. Ubao wa juu ukivutwa upande, unakataa, kwa kuwa vijiti vya juu vimekaa nusu katika kila ubao. Vijiti vikisukumwa kwa msumari kutoka chini hadi maungio yake yafike katikati ya mbao, ubao husogea. Twawataka watoboe matundu kwa mkono bila kutumia rula. Mstari hupinda, na kupinda huko ndiko kunakofanya kijiti kimoja kibanwe kabla ya vingine. Mwanachuo aliyeuona ubao ukisogea kidogo kijiti cha kwanza kilipofika mpakani hahitaji maelezo marefu tena.

Kipindi cha pili ni cha wenzo. Mwanachuo hutumia silinda yenye jozi moja ya pini. Kosa la kila anayeanza ni kukaza mno. Twamwambia alegeze, naye huona amelegeza, kumbe bado. Njia iliyotufaa ni kumtaka aanze bila nguvu yoyote, huku kichokoo kikiichezesha pini juu na chini, kisha aongeze nguvu ya kidole polepole hadi pini iache kucheza. Hapo ndipo anapojua kwa ngozi yake maana ya kubana.

Kipindi cha tatu ni cha jozi mbili na tatu. Mwanachuo hutakiwa kusema kwa sauti kila anachokisikia: "ya pili imebanwa, imelia, sasa ya kwanza imebanwa." Usemi huo hulazimisha akili iandamane na mkono.

Kipindi cha nne ni cha kufuli kamili na cha tathmini. Hatutoi alama kwa kasi ya kufungua. Nusu ya alama ni kwa kulifungua kufuli, na nusu ni kwa kueleza kasoro iliyoliwezesha kufunguka na namna mtengenezaji angeweza kuipunguza.

7. Je, tunafundisha wizi?

Swali hili tuliulizwa na walimu wenzetu, na lingekuwa jambo la kusikitisha kama lisingeulizwa. Si swali jipya. Mwaka 1851, wakati wa Maonyesho Makuu ya London, fundi wa Marekani aitwaye A. C. Hobbs alilifungua kufuli la Chubb lililosifiwa sana kwa muda wa dakika 25 hivi. Kisha alilikabili kufuli la Bramah, ambalo tangu mwaka 1790 lilikuwa limewekwa dirishani mwa duka pamoja na ahadi ya zawadi ya gini 200 kwa atakayeweza kulifungua. Lilimchukua saa 51 zilizogawanywa katika siku 16. Wako waliolalamika kwamba kulizungumza hadharani jambo la namna hiyo ni kuwafunza wezi. Lakini baada ya aibu ile watengenezaji walirudi karakanani kuboresha kazi zao, na wanunuzi walijua kwamba sifa ya dukani si sawa na usalama.

Tunaongeza jibu la kawaida. Mwizi wa mtaani hana haja ya kukaa nusu saa akibembeleza pini. Hukata kwa msumeno au hung'oa kikomeo pamoja na skurubu zake. Hata hivyo jibu hili lisitufanye tulale. Vijana wetu wanaishi bwenini, masanduku yao yamefungwa kwa makufuli yale yale ya shaba, na imani baina yao ni kitu kinachovunjika upesi kuliko kufuli. Tena sheria ipo: Kanuni ya Adhabu ya Tanzania humtia hatiani mtu anayekutwa na vifaa vya kuvunjia nyumba nyakati za usiku bila sababu halali. Kwa hiyo mwalimu asimruhusu mwanafunzi kubaki na seti.

Wapenzi wa ufundi huu walioungana katika vyama, kama chama kilichoanzishwa mjini Hamburg, Ujerumani, mwaka 1997, wamezoea kushika kanuni mbili ambazo nasi tumeziandika ubaoni. Ya kwanza: usifungue kufuli lisilo lako bila idhini ya mwenyewe. Ya pili: usilifanyie mazoezi kufuli linalotumika. Kanuni ya pili ina sababu ya kifundi pia, kwani springi huweza kuharibika na pini kukwama, na mwenye nyumba akakesha nje. Kwetu tumeongeza ya tatu: kila kipande hutolewa na kurudishwa kwa saini, na hakuna anayetoka karakanani kabla ya vipande vyote kuhesabiwa.

Kanuni hii ya tatu tuliiona kuwa ya kawaida tu, hadi siku sanduku la mwanachuo mmoja lilipokutwa wazi bwenini na fedha zake hazimo. Kabla ya jua kuchwa jina la darasa letu lilikuwa mdomoni mwa kila mtu, na majina ya vijana watatu, mafundi hodari kuliko wenzao, yalikuwa mezani mwa uongozi. Ilisemwa wazi kwamba huenda wakarudishwa makwao. Tuliombwa kulifungua kabati. Seti kumi za vipande vinne vinne zilikuwa zimelala katika vifuko vyake, na daftari lilionyesha saini ya kila kipande tangu Ijumaa. Hesabu ilichukua muda mfupi kuliko kulisimulia jambo lenyewe. Kisha tuliliangalia sanduku. Kufuli lilikuwa zima na limefungwa. Skurubu za bawaba ndizo zilizotolewa kwa bisbisi. Vijana wale walibaki chuoni.

Tangu siku hiyo tumejiuliza ingekuwaje kama tungekuwa bado na ule mkoba wa vipande ishirini na zaidi, ambao sisi wenyewe hatukuwa na hakika ya idadi yake. Tusingaliweza kuapa kwamba hakuna kilichopungua. Udogo wa seti, tuliouchagua kwa sababu za ufundishaji, ndio uliowaokoa.

8. Hitimisho

Mwalimu anayetaka kuanza somo hili na anunue, au atengeneze, vipande vinne kwa kila mwanafunzi: ndoano fupi, nusu-almasi, na nyenzo mbili za upana tofauti. Ahakikishe unene unaoingia katika makufuli ya mji wake, na chuma kinachorudi kikipindwa. Atumie fedha zaidi kwa silinda zinazofumulika kuliko kwa vichokoo. Aanze na mbao kabla ya shaba. Aweke daftari la saini siku ya kwanza, si siku ya lawama.

Stoo yetu ya vitabu ilifungwa tena kwa bahati mbaya muhula uliopita. Mkuu wa chuo aliidhinisha kwa maandishi, na mwanachuo mmoja akaifungua mbele yetu kwa ndoano fupi na wenzo uliotokana na waipa. Ilimchukua kama robo saa, nasi hatukumharakisha. Alipomaliza, kabla ya kuingia kuchukua vitabu, alirudisha vipande vyake viwili na kuomba kalamu ya kutia saini.